Shujaa Asiyedhurika na Watungaji Wake

Mwanadamu ni kiumbe dhaifu mwenye mawazo yenye nguvu. Hawezi kuruka, lakini huwaza habari za mtu arukaye. Mwiba mdogo humtoa damu, lakini hutunga hadithi za mtu asiyepenywa na mkuki. Kwa hiyo ni shida kupata watu wowote duniani wasiokuwa na shujaa wa ajabu katika masimulizi yao. Waswahili wa pwani yetu wanaye Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumdhuru mpaka mwanawe mwenyewe alipomchoma sindano ya shaba kitovuni. Wajaluo wanaye Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe, na ambaye siri ya uhai wake ilikuwa katika kivuli chake. Wazee wetu waliketi jioni wakasimulia habari hizi, na watoto wakasikiliza bila kupepesa macho.

Wewe, msomaji kijana, huenda unao mashujaa wengine uwapendao zaidi. Umewakuta katika vitabu vya katuni, katika televisheni na katika sinema: Superman arukaye angani, Batman azungukaye usiku, Spider-Man apandaye kuta, na Black Panther, mfalme wa nchi ya Wakanda. Pengine umeambiwa kwamba kuwapenda hao ni kupoteza wakati. Mimi sitakuambia hivyo. Insha hii haikuandikwa kukunyang'anya kitu ukipendacho, bali kukuonyesha kilikotoka. Maana apendaye kitu bila kujua asili yake ni kama mtu anywaye maji ya mto asioijua chemchemi yake. Kiu yake hukatika, lakini hajui kilichomo ndani ya maji. Basi nitakusimulia habari za Superman, ambaye aliwafungulia mlango wenzake wote, na habari za vijana wawili waliomtunga.

Mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka. Mabenki yalifungwa, viwanda vilizimwa, na ilipofika mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Siku hizo, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, walikuwako vijana wawili waliosoma pamoja katika shule ya sekondari ya Glenville. Mmoja aliitwa Jerry Siegel, na wa pili Joe Shuster. Wote wawili walizaliwa mwaka 1914. Jerry alizaliwa Cleveland, na Joe alizaliwa Toronto katika nchi ya Kanada, akaletwa Cleveland angali mtoto. Wazazi wao walikuwa Wayahudi waliohama Ulaya kutafuta maisha. Jerry alikuwa mtunga hadithi, na Joe alikuwa mchoraji. Walikuwa vijana wanyamavu, wavaa miwani, wasiosifiwa kwa michezo wala kutazamwa na wasichana.

Baba yake Jerry aliuza nguo katika duka dogo. Siku moja mwezi wa Juni 1932 wezi waliingia dukani mwake. Hawakumpiga risasi wala kisu, lakini mzee yule alianguka kwa mshtuko wa moyo, akafa. Jerry alikuwa na miaka 17. Miezi michache baadaye alianza kuandika habari za mtu mwenye nguvu kuliko watu wote. Wako wanaosema kwamba msiba ule ndio uliozaa hadithi ile. Moyo wa mtu hauna dirisha tukachungulia ndani yake, kwa hiyo tusiape. Tuyatazame tu mambo mawili yakifuatana: kwanza mwana aliyempoteza baba dukani kwa sababu ya wezi, kisha mtu wa hadithi ambaye wezi hawamwezi na risasi hazimwingii.

Jambo la kuzingatia ni kwamba yule Superman wa kwanza kabisa alikuwa mtu mbaya. Katika Januari 1933 Jerry na Joe walichapa, katika kijigazeti chao wenyewe, habari za maskini mmoja aliyeokotwa katika mstari wa watu wanaogawiwa mkate, akapewa nguvu za ajabu na mtaalamu mmoja. Alipozipata nguvu hizo, maskini yule alitaka kuitawala dunia. Baada ya hapo vijana wale waliigeuza hadithi. Jina lilibaki na nguvu zikabaki, lakini nia ikawa nyingine. Sasa Superman alikuwa mtoto aliyetoka sayari ya mbali iliyokuwa ikiangamia. Wazazi wake walimtia katika chombo wakampeleka duniani, akalelewa na watu wema wasiokuwa jamaa zake. Alipokua alijificha ndani ya mtu mpole aitwaye Clark Kent, mwandishi wa gazeti, mvaa miwani, ambaye hakuna amwogopaye. Tazama jinsi watungaji walivyojiweka wenyewe ndani ya utungo wao: Clark Kent ndiye waliyekuwa mchana, na Superman ndiye waliyetamani kuwa.

Waliipeleka hadithi hiyo huku na huku kwa miaka mingi, na wahariri wakairudisha. Mwisho kampuni moja ya New York, iliyokuwa ikichapa gazeti liitwalo Detective Comics, ilikubali kuichukua. Hadithi ilikuwa na kurasa 13, na bei ilikuwa dola 10 kwa kila ukurasa. Mnamo tarehe 1 Machi 1938 hundi iliandikwa, na ndani yake Superman alihesabiwa dola 130, nao watungaji wakatia saini hati ya kuuza. Hati ile haikuuza kurasa 13 tu. Iliuza jina la shujaa, umbo lake, na haki zote za kumtumia, milele. Walikuwa vijana wa miaka 23. Walikuwa wamengoja kwa muda mrefu, na mtu mwenye njaa hasomi sana maandishi yaliyo chini ya sahani.

Mwezi wa Aprili 1938 toleo la kwanza la gazeti Action Comics lilitokea madukani kwa bei ya senti 10. Juu ya jalada mtu mwenye joho jekundu alikuwa ameinua gari zima akilipigiza juu ya mwamba. Yafaa uyajue matendo yake ya kwanza. Katika kurasa zile alimwokoa mwanamke aliyehukumiwa kuuawa kwa kosa asilolitenda. Alimzuia mume aliyekuwa akimpiga mkewe. Kisha akamshika mtu aliyekuwa akimshawishi mjumbe wa Seneti ili nchi iingizwe vitani. Hapakuwa na majitu kutoka nyota za mbali. Adui wa Superman katika siku zile walikuwa walewale wanaoonewa haya kutajwa katika kila mji: mwonevu, mla rushwa, na hakimu aliyekosea. Watu waliokosa kazi na waliokosa mtetezi walimnunua kwa senti 10.

Mafanikio yalikuja kama mafuriko. Haukupita muda kila toleo la magazeti ya Superman likawa likiuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1940 akaingia katika redio, mwaka 1941 akaingia katika katuni za sinema, na mwaka 1952 akaingia katika televisheni. Mwanzoni hakuruka kama ndege. Aliruka kama panzi, hatua ndefu kutoka jengo hadi jengo. Ustadi wa kupaa aliupata baadaye. Wenzake nao wakafuata upesi. Batman alitokea mwaka 1939. Captain America alifika madukani mwishoni mwa mwaka 1940, akichorwa juu ya jalada akimpiga Hitler ngumi, na hali Marekani yenyewe haikuingia vitani mpaka Desemba 1941. Wonder Woman, shujaa mwanamke, alitokea mwaka 1941.

Mwaka 1943 watungaji wa mchezo wa redio walimpatia Superman udhaifu: jiwe lililotoka katika sayari aliyozaliwa, ambalo likimkaribia humlegeza mwili wote. Hapo, msomaji, utaona kwamba hadithi za watu hukutana bila kupangana. Liyongo aliuawa na mwanawe. Luanda Magere aliuawa baada ya siri yake kutolewa na mwanamke aliyemwoa. Superman hudhoofishwa na kipande cha kwao. Katika hadithi zote tatu lenye kumwua shujaa ni jambo la nyumbani. Yaelekea wasimulizi wa kila nchi wanajua kwamba msikilizaji hawezi kumpenda sana mtu asiyeweza kufa. Humpenda yule ambaye angeweza kufa naye akaenda.

Lakini kila kipendwacho na watoto hushitakiwa na wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1940 vitabu vya katuni vilikusanywa katika miji kadhaa ya Marekani vikachomwa moto. Mwaka 1954 daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni huwaharibu watoto na kuwatia katika uhalifu. Mwaka uleule Baraza la Seneti lilisikiliza mashahidi juu ya jambo hilo, na wachapaji wakaogopa, wakajiwekea sheria kali za kuchunguza kila ukurasa kabla ya kuuzwa. Sheria hizo zilidumu, zikilegezwa kidogo kidogo, mpaka zikaachwa kabisa mwaka 2011. Mwaka 2012 mtaalamu wa maktaba, Carol Tilley, aliyezisoma karatasi za Wertham mwenyewe, alionyesha kwamba daktari yule aliyageuza na kuyakatakata baadhi ya maneno ya watoto aliowahoji ili yaafikiane na shauri lake. Hapo tunapata somo kwa pande zote mbili. Si kila kitabu cha katuni kilikuwa chema. Vingine vilijaa damu na matendo machafu, na mzazi aliyetia wasiwasi hakuwa mjinga. Lakini aitafutaye kweli kwa kuipinda hushindwa hata akiwa na nia njema.

Na ukitaka ushahidi wa upande wa pili, tazama mwaka 1946. Katika mwaka huo mchezo wa redio wa Superman ulisimulia habari za genge la watu waliofunika nyuso, waliomwandama mtoto wa Kichina kwa sababu ya taifa lake. Kila msikilizaji wa Marekani alijua kwamba genge lile ni mfano wa Ku Klux Klan, chama kilichowatesa na kuwaua watu weusi na kuwachukia Wayahudi na wageni. Watoto walikaa karibu na redio wakafundishwa kwamba kumdharau mtu kwa rangi yake au dini yake ni uovu. Somo kama hilo halikufundishwa katika kila darasa la nchi ile wakati ule.

Sasa nakurudisha kwa Jerry na Joe, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tusiseme uongo kwamba hawakupata kitu. Kwa miaka kadhaa walilipwa kwa kila ukurasa waliouandika na kuuchora, wakaishi vizuri. Lakini faida kubwa ya redio, ya sinema na ya vitu vya kuchezea iliingia katika mfuko wa mwenye hati. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani. Mahakama ilisema kwamba mauzo ya mwaka 1938 yalikuwa halali. Mwaka 1948 kesi ilimalizwa kwa mapatano, wakapewa jumla ya dola 94,000 hivi, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikwenda kwa mawakili. Wakapoteza kazi. Majina yao yakaondolewa katika hadithi waliyoitunga. Tangu hapo mtoto aliyefungua gazeti la Superman hakujua kwamba Superman alikuwa na watungaji.

Miaka ilipita. Macho ya Joe, yaliyochora mtu awezaye kuona kupita ukuta, yaliingia giza, akaishi New York karibu kipofu. Jerry alifanya kazi ya ukarani Los Angeles kwa mshahara mdogo. Ikafika mwaka 1975, ikajulikana kwamba sinema kubwa ya Superman inatayarishwa. Marlon Brando, aliyeigiza baba wa shujaa kwa muda mfupi tu katika sinema hiyo, alilipwa zaidi ya dola milioni 3. Mtungaji wa baba huyo na wa mwana huyo hakutengewa hata senti.

Jerry alishika kalamu akaandika barua ndefu ya malalamiko, akaipeleka kwa magazeti. Ndipo walipotokea waokozi. Hawakuruka kutoka angani. Mmoja aliitwa Neal Adams, na mwingine Jerry Robinson. Walikuwa wachoraji wa katuni kama Joe. Walipiga simu, waliandika barua, walikwenda katika televisheni, waliwakusanya wachoraji na waandishi wenzao, wakaufanya umma uone haya kwa jambo ambalo halikukatazwa na sheria lakini lilikatazwa na utu. Mwezi wa Desemba 1975 kampuni ya Warner, iliyokuwa imekwisha kuwa mwenye mali, ilikubali kuwapa Jerry na Joe dola 20,000 kila mmoja kwa kila mwaka maisha yao yote, pamoja na gharama za matibabu, na kuyarudisha majina yao katika kila hadithi ya Superman. Sinema ilipotoka mwaka 1978 majina yao yalisomwa juu ya pazia. Joe alikufa mwaka 1992, na Jerry mwaka 1996. Na gazeti lile la senti 10? Mwaka 2024 nakala moja ya toleo lile la kwanza iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.

Wala usidhani kwamba hao walikuwa peke yao. Bill Finger alishirikiana na Bob Kane kumtunga Batman. Alimpa joho lake, tabia yake na hadithi zake nyingi. Jina la Kane peke yake ndilo lililoandikwa. Finger alikufa mwaka 1974, na jina lake halikuandikwa rasmi kuwa mtungaji mwenza mpaka mwaka 2015, baada ya miaka 41 kaburini.

Habari hizi zimetufikia sisi pia. Mwaka 1966 Stan Lee na Jack Kirby walimtunga Black Panther, mfalme Mwafrika wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Mwaka 2018 sinema yake, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Ndani yake alicheza Lupita Nyong'o, mwana wa Kenya, na katika Februari mwaka ule sinema hiyo ilionyeshwa Kisumu kwa shangwe kubwa. Ilikuwa haki watu wafurahi. Mtoto mweusi aliyezoea kuona watu wa rangi yake wakiokolewa, siku ile aliwaona wakiokoa. Lakini aliyeigiza mfalme yule, Chadwick Boseman, alikuwa mgonjwa wa saratani wakati ule ule wa fahari yake, na akafa mwaka 2020 akiwa na miaka 43. Christopher Reeve, aliyekuwa Superman wa mwaka 1978, alianguka kutoka juu ya farasi mwaka 1995, mwili wake ukapooza tangu shingoni kwenda chini. Aliishi miaka 9 baada ya hapo, akiwa katika kiti cha magurudumu, akiomba fedha na kupigania utafiti kwa ajili ya watu waliopooza kama yeye. Ni lini alikuwa shujaa zaidi: alipoinuliwa kwa waya mbele ya kamera, au alipokuwa hawezi kuinua mkono?

Basi, msomaji kijana, wapende mashujaa wako. Kumpenda mtetezi wa wanyonge si dhambi wala si utoto. Ni dalili kwamba moyo wako haujakubali uonevu kuwa jambo la kawaida. Lakini unapofunga kitabu au kuzima televisheni, kumbuka mambo mawili. La kwanza: kila shujaa wa karatasi ana mtu wa nyama na damu aliyemtunga. Litafute jina lake. Na kama wewe mwenyewe umejaliwa kuandika au kuchora, isome hati kabla ya kutia saini, ukamwulize mtu ajuaye zaidi yako, hata kama njaa inakuambia uharakishe.

La pili ni kubwa kuliko la kwanza. Superman aliwaokoa watu wengi katika hadithi kwa zaidi ya miaka 35, lakini hakuweza kuwaokoa Jerry na Joe. Walipodhulumiwa hakushuka kutoka mawinguni. Waliookoa ni wachoraji wenye shughuli zao, waliotumia simu, kalamu na ulimi. Nguvu hizo tatu unazo. Siku utakapomwona mwenzako anaonewa, darasani, sokoni au kazini, usitazame juu kungoja joho jekundu. Tazama mikono yako.